Mfalme asiyetawala: wafalme wa Uswidi, Norwei na Denmark wana kazi gani hasa?

MwalimuTororo

Wana jukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tororo, na muhula huu wanafunzi wangu wa kidato cha sita walikuwa wakijadili kifungu cha 246 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kile kinachowatambua viongozi wa kimila lakini kikawakataza kujiingiza katika siasa za vyama na kuwanyima mamlaka yoyote ya kiserikali. Mmoja wao alisimama akadai kwamba mfalme asiyeamua jambo ni pambo tu, na kwamba nchi zilizoendelea zilikwisha kuachana na mambo hayo. Mwenzake akamjibu kwamba Uswidi, Norwei na Denmark zote zina wafalme mpaka leo, tena wafalme hao ni wakuu wa nchi zao, hadhi ambayo Kabaka wa Buganda, Omukama wa Bunyoro, Omukama wa Tooro na Kyabazinga wa Busoga hawana. Mjadala ukakwama hapo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza mfalme wa Uswidi anafanya nini siku ya Jumanne.

Ninaomba msaada wa wenye kujua. Je, wafalme hawa wana uamuzi wowote uliobaki mikononi mwao? Nani anawazuia wasivuke mpaka? Aidha, mwanafunzi mmoja alisimulia kwamba wakati wa vita vya Hitler mfalme wa Denmark alijivalisha nyota ya njano ya Wayahudi ili kuwatetea raia wake, nami ningependa kujua kama habari hiyo ina ukweli kabla sijairudia darasani.

Wakili_Ntinda

Mwalimu, watu huzitia nchi hizo tatu katika kapu moja, wakati katiba zao zinatofautiana sana kwenye jambo hilihili unalouliza.

Nianze na Uswidi, iliyokwenda mbali kuliko zote. Mwaka 1971 vyama vikuu vya huko vilipatana, katika mji mdogo wa pwani uitwao Torekov, kwamba ufalme ubaki lakini mamlaka yake yote yaondolewe, hata yale yaliyokuwa yamesalia kwenye maandishi tu. Mapatano hayo yakazaa katiba ya mwaka 1974, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1975. Carl XVI Gustaf alirithi kiti cha babu yake tarehe 15 Septemba 1973, akiwa na umri wa miaka 27, wakati katiba hiyo ingali jikoni. Kwa maneno mengine, alikabidhiwa nyumba huku mafundi wakiwa tayari wanang'oa milango. Chini ya katiba hiyo mfalme hateui waziri mkuu. Spika wa Riksdag, yaani bunge lao, ndiye anayependekeza jina, na wabunge ndio wanaolipigia kura. Mfalme hatii sahihi sheria, haongozi majeshi, na hawezi kuwa waziri wala mbunge. Hata akitaka kusafiri nje ya nchi sharti ashauriane kwanza na waziri mkuu. Kilichobaki ni kutangaza kufunguliwa kwa bunge kila mwaka, tena kwa kuombwa na spika. Kupokea hati za utambulisho za mabalozi. Kuongoza kikao maalumu pale serikali moja inapoipisha nyingine. Na kuwa mwenyekiti wa baraza la ushauri wa mambo ya nje, ambamo serikali huwaeleza wabunge waliochaguliwa kwa kazi hiyo mambo ambayo pengine hayasemwi hadharani.

Norwei na Denmark ni habari nyingine. Huko maandishi yanasema hivi na desturi inatenda vile. Ukiisoma katiba ya Norwei ya tarehe 17 Mei 1814 bila mtu wa kukuelekeza, utadhani mfalme ndiye mtendaji mkuu: inasema mamlaka ya utendaji ni yake, na inampa hata nafasi ya kukataa muswada uliopitishwa na bunge lao, Storting. Lakini tangu Norwei ijitenge na Uswidi mwaka 1905 hakuna mfalme aliyewahi kuukataa muswada. Kila Ijumaa saa tano asubuhi mawaziri hukutana naye katika kasri la Oslo, anakaa kwenye kiti chake, maamuzi yanasomwa, naye anatia sahihi. Ila waamuzi ni wao, na mbele ya bunge wanaowajibika ni wao. Katiba ya Denmark ya mwaka 1953 nayo inasema kwamba sahihi ya mfalme haina nguvu mpaka iambatane na ya waziri.

Maoni yangu, na ninajua wapo watakaonipinga, ni kwamba njia ya Uswidi ndiyo salama. Sisi wenyewe tuliwahi kuijaribu njia ya maandishi na desturi. Oktoba 1963 Kabaka Mutesa II alifanywa rais wa heshima, huku Milton Obote akiwa waziri mkuu mwenye madaraka, na kila mmoja akaisoma katiba kwa miwani yake. Mei 1966 jeshi likaivamia ikulu yake ya Mengo, na katiba ya mwaka 1967 ikazifuta falme zote, mpaka ziliporudishwa mwaka 1993. Waandishi wa kifungu cha 246 hawakuandika kwa kubahatisha.

BintiKoboko

Wakili ameeleza vizuri, lakini mimi bado nimesimama na yule mwanafunzi wa kwanza. Kama spika anaweza kupendekeza waziri mkuu na bunge likapiga kura, na nchi ikaenda, basi mtu wa kupokea mabalozi anaweza kuwa yeyote. Kwa nini awe mtoto wa fulani?

Na kama ni suala la haki, mnaotetea ufalme mtazame upande wa mfalme mwenyewe pia. Sheria ya urithi ya Uswidi ni ya mwaka 1810, na mpaka leo inamtaka mfalme awe wa imani ya Kilutheri. Mwana wa nyumba hiyo akitaka kuoa au kuolewa bila kupoteza haki ya urithi, ni lazima mfalme amwombee ridhaa ya serikali. Hasemi lolote la kisiasa. Mtu wa namna hiyo ana uhuru mdogo kuliko mimi ninayeuza vitenge sokoni, ambaye nikitaka kubadili dini au kumtukana mbunge wangu, nitafanya hivyo kesho asubuhi. Tunamhurumia mtoto anayeozwa na wazazi wake. Mbona huyu anayezaliwa akiwa na kazi shingoni tunampigia makofi?

Halafu kuna fedha. Najua mtaniambia kwamba katika fungu analopewa mfalme wa Uswidi, karibu nusu huenda kwenye utunzaji wa majumba ambayo ni mali ya dola na ambayo yangetunzwa hata bila yeye. Sawa. Nusu ya pili je?

AliyesomaUppsala

Dada BintiKoboko, hoja yako ya uhuru ni nzito na sitaikwepa, lakini kwanza nimjibu Mwalimu kuhusu ile Jumanne, kwa kuwa nilisoma Uswidi na nilikuwa nikifuata habari hizi magazetini.

Jumanne ya kawaida ni kazi ya kuchosha yenye vifungo vingi vya koti. Balozi mpya anachukuliwa kwa gari la farasi kutoka wizara ya mambo ya nje mpaka kasri la Stockholm, anamkabidhi mfalme hati zake, wanazungumza kidogo, anaondoka, anaingia mwingine. Mchana kuna ufunguzi wa maabara au maadhimisho ya chama cha wavuvi katika wilaya ya mbali, ambako mkuu wa wilaya amefanya mazoezi ya hotuba yake kwa mwezi mzima. Jioni kuna chakula cha rais mgeni. Tarehe 10 Desemba kila mwaka mfalme huwakabidhi washindi wa Nobel medali na vyeti vyao mjini Stockholm. Ile ya amani hutolewa Oslo, ambako anayekabidhi ni kiongozi wa kamati, na mfalme wa Norwei hukaa miongoni mwa wageni. Kuna mengi ya kuchosha hapo, na sidhani kwamba mtu yeyote angeyafanya kwa miaka hamsini kama si kwa wajibu.

Lakini kuna siku zisizo za kawaida. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliua Waswidi 543, wengi wao wakiwa likizoni Thailand, na serikali ililaumiwa vikali kwa kuchelewa kuchukua hatua. Tarehe 10 Januari 2005 Carl Gustaf alisimama katika ukumbi wa jiji la Stockholm mbele ya wafiwa. Hakuilaumu serikali, kwa kuwa haruhusiwi. Hakuahidi kitu, kwa kuwa hana cha kuahidi. Alisema kwamba laiti angekuwa kama wafalme wa kwenye hadithi, angeyarekebisha yote na kumaliza kwa kusema kwamba wakaishi raha mustarehe, lakini yeye kama wao ni binadamu anayeomboleza tu. Kisha akawageukia watoto waliopoteza wazazi, akawaambia kwamba yeye mwenyewe alikua bila baba. Ni kweli: baba yake alikufa katika ajali ya ndege uwanja wa Kastrup, Copenhagen, Januari 1947, mtoto akiwa na miezi tisa. Carl Gustaf hakuwa msemaji hodari, na watu walimzoea kwa hotuba za kusoma kwa shida. Ndiyo maana siku ile nchi ilinyamaza ikamsikiliza. Waziri mkuu asingeweza kuitoa hotuba ile, hata kama angepewa maneno yaleyale, kwa sababu nusu ya wasikilizaji wangekuwa wanahesabu kura.

Mfano wa pili unatoka Norwei. Tarehe 1 Septemba 2016 Mfalme Harald V aliwaalika watu kwenye bustani ya kasri, akasema kwamba Wanorwei wametoka kaskazini na kusini mwa nchi, na pia Afghanistan, Pakistan, Poland, Uswidi, Somalia na Syria, na kwamba babu na bibi yake walihamia hapo kutoka Denmark na Uingereza miaka 110 iliyopita. Wakati huo Ulaya nzima ilikuwa ikigombana juu ya wakimbizi. Hakutaja chama, hakutaja sheria, hakuna aliyeweza kumshtaki kwa kuvuka mpaka, lakini kila mtu alielewa alikuwa akisema nini.

Niliwahi kuwa Oslo siku ya katiba, tarehe 17 Mei. Sisi tumezoea kuona sikukuu ya taifa ikiwa gwaride la askari. Pale barabara kuu iitwayo Karl Johan ilijaa watoto wa shule, kila shule na bendera yake na bendi yake ya tarumbeta, wakipanda mlima kuelekea kasri, na familia ya mfalme ilikuwa imesimama kwenye roshani ikipunga mikono, saa baada ya saa. Karibu yangu mtoto mmoja alikuwa amelala begani kwa baba yake, akaamshwa kwa nguvu ili apunge.

Kuhusu uhuru: ninakubali kwamba mrithi hakuchagua. Tukio la mwaka 1980 linakuunga mkono kuliko unavyodhani. Carl Philip alizaliwa Mei 1979 akiwa mrithi, kwa kuwa sheria ilimtaka mwanamume. Tarehe 1 Januari 1980 sheria mpya ikaanza, ya kumpa mtoto wa kwanza haki bila kujali jinsia, na mtoto huyo wa miezi saba akavuliwa cheo, kikaenda kwa dada yake Victoria. Mfalme hakupendezwa hata kidogo, na alisema hivyo waziwazi. Bunge halikumwomba ruhusa.

MzeeWaBombo

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Mwalimu ameuliza habari ya nyota ya njano, na hakuna aliyemjibu. Usiirudie darasani, Mwalimu, ni hadithi. Wajerumani hawakuwahi kuwalazimisha Wayahudi wa Denmark kuvaa nyota, kwa hiyo mfalme hakuwa na nyota ya kujivalisha. Alichofanya Christian X ni kidogo na ni kikubwa: katika miaka ya kwanza ya uvamizi alipanda farasi wake kila asubuhi akapita mitaani Copenhagen bila mlinzi, raia wakamwona. Wayahudi wa Denmark, zaidi ya 7,000, waliokolewa na raia wa kawaida waliowavusha kwa mashua mpaka Uswidi Oktoba 1943.

Sasa nimpinge Wakili, kwa heshima. Amesema njia ya Uswidi ya kumwondolea mfalme kila kitu ndiyo salama. Mimi namkumbusha Haakon VII wa Norwei. Huyu alikuwa mjukuu wa mfalme wa Denmark, na Wanorwei walipomwita mwaka 1905 alikataa kuja mpaka waulizwe kwanza wananchi wenyewe. Kura ya maoni ikapigwa Novemba. Kura zaidi ya 259,000 zikamkubali, 69,000 na ushei zikakataa. Hivyo aliingia akiwa na deni kwa wapiga kura, na hakulisahau. Mwaka 1928 alikiita chama cha Leba kuunda serikali kwa mara ya kwanza, wakati matajiri wa Oslo walikiogopa kama ukoma.

Kisha Aprili 1940 Wajerumani wakaingia. Tarehe 10, mjumbe wao alikutana na mfalme pale Elverum akamtaka amteue Vidkun Quisling, Mnorwei aliyeisaliti nchi yake kwa Wajerumani, kuwa waziri mkuu. Haakon hakujibu papo hapo, kwa kuwa kikatiba jibu halikuwa lake. Alikwenda kijiji cha Nybergsund walikokimbilia mawaziri, akawaambia kwamba uamuzi ni wa serikali na hatawashinikiza, ila kama wataamua kukubali, yeye hataweza kumteua mtu huyo, na atalazimika kukiacha kiti pamoja na nyumba yake yote. Mawaziri wakakataa pamoja naye. Kesho yake ndege za Kijerumani zikakipiga mabomu kijiji kile, mfalme na mawaziri wakajificha msituni kwenye theluji. Aliondoka Tromsø kwenda Uingereza tarehe 7 Juni 1940, akarudi Oslo tarehe 7 Juni 1945. Sasa Wakili aniambie: kama uteuzi ungekuwa kwa spika peke yake, na mfalme hana sahihi ya kuzuia, Mjerumani angekuwa na haja gani ya kumtafuta?

Wakili_Ntinda

Mzee, shikamoo, na nashukuru kwa mfano huo, kwa kuwa sina wa kuushinda. Ila uuweke kando ya mwingine. Mwishoni mwa Machi 1920 Christian X wa Denmark, huyohuyo wa farasi, aliifukuza serikali ya waziri mkuu Zahle kwa sababu hakuridhika na jinsi mpaka na Ujerumani ulivyokuwa ukichorwa, na akaweka watu wake bila ridhaa ya bunge. Maandishi yalimruhusu. Vyama vya wafanyakazi vikatishia mgomo wa nchi nzima, watu wakaanza kudai jamhuri waziwazi, na siku chache baadaye mfalme akasalimu amri. Tangu hapo hakuna mfalme wa Denmark aliyejaribu tena. Kwa hiyo sahihi iliyomwokoa Haakon ndiyo iliyomponza Christian, na tofauti kati yao haikuwa katika sheria, ilikuwa katika tabia ya mtu. Mimi kama mwanasheria sipendi katiba inayotegemea tabia ya mtu. Mzee anaweza kusema kwamba hakuna katiba isiyotegemea hilo, na hapo ndipo tutakapoendelea kubishana.

Kwa BintiKoboko: ibara ndogo ya kifungu chetu cha 246 inasema kwamba hakuna anayelazimishwa kumtii kiongozi wa kimila wala kuchangia gharama za kumtunza. Mswidi hana hiari hiyo. Kodi yake inakwenda tu. Hapo, dada, umenishinda.

MwalimuTororo

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee kwa kuniokoa na ile nyota. Swali moja la mwisho, ambalo najua nitaulizwa: mfalme akichoka je? Anaruhusiwa kung'atuka, au ni mpaka kifo?

AliyesomaUppsala

Mwalimu, hapo nchi zinatofautiana kwa hiari ya mfalme mwenyewe. Margrethe II wa Denmark alirithi tarehe 14 Januari 1972, na katika hotuba yake ya kuamkia mwaka mpya wa 2024, bila mtu kutarajia, alitangaza kwamba atang'atuka. Denmark haikuwa imeona jambo hilo kwa karibu miaka 900. Tarehe 14 Januari 2024 alikaa kwenye kichwa cha meza ya baraza la mawaziri, katika jengo la Christiansborg ambamo pia mna bunge, akatia sahihi hati ya kung'atuka, akainuka, akamwachia mwanawe kiti, akasema Mungu amlinde mfalme, akatoka. Hapakuwa na taji wala mafuta ya upako, kwa kuwa Denmark iliacha kuwavika wafalme wake taji tangu ilipopata katiba ya mwaka 1849. Baadaye kidogo waziri mkuu, Mette Frederiksen, alitoka kwenye roshani pamoja na Frederik X na kumtangaza mara tatu mbele ya umati. Waangalie wanafunzi wako wanasemaje juu ya hilo: anayetangaza mfalme ni mwanasiasa aliyechaguliwa.

Harald wa Norwei, alipoulizwa baada ya hapo, alisema kwamba aliapa mbele ya Storting na kiapo chake ni cha maisha yote. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Februari 2024, aliugua akiwa likizoni Malaysia, akiwa na umri wa miaka 87, akawekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo na kurudishwa nyumbani kwa ndege. Siku za Ijumaa mwanawe Haakon alikaa kwenye kile kiti saa tano asubuhi na kutia sahihi kama naibu wa mfalme, na mwezi wa Aprili kasri likatangaza kwamba Harald amerudi kazini lakini ratiba yake itapunguzwa moja kwa moja kwa ajili ya umri.